Tembo la Posa kwenye Njia ya Mlimani

Pwani yetu ina vilima tu, lakini ile njia ya kupanda kilima cha Jibana tuliiita ya mlimani, na hakuna aliyetubishia. Ilichongwa zamani za misafara ya pembe, ikapita katikati ya msitu usiokauka. Miaka ile ya themanini ilipitika kwa miguu au kwa Landrova.

Landrova yenyewe ilikuwa ya kuazima, ya shamba la mkonge nilikofanya kazi. Kando yangu alikaa baba mdogo, amepakata dumu la tembo la mnazi. Tulikuwa tunakwenda kuniposea. Bila tembo hilo wazee wa binti wasingefungua mazungumzo, nami nilikuwa nimesikia kwamba wajumbe wa mtu mwingine, wa Marereni, wangefika siku hiyo hiyo. Nikakanyaga mafuta.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Tembo hili li hai, bado linachacha."

Sikumsikiliza. Mizizi iliturusha, tope likatuvuta kando, na giza la miti lilinizidishia wahaka. Kifuniko nilikuwa nimekikaza mwenyewe kwa nguvu zangu zote, nikidhani nimefanya la maana. Kwenye kona kali kikafyatuka. Povu likamwagikia baba mdogo kifuani, likanilowesha mimi, likapanda hadi kwenye kioo. Nilipofunga breki, tulibakiwa na nusu dumu, na kuongeza maji kungekuwa matusi.

Nilitaka kulia. Baba mdogo alijipangusa uso, akachuma majani, akaziba mdomo wa dumu kwa kulegeza ili lipumue.

"Gari litalimaliza hili," akasema. "Libebe. Goti langu haliwezi tope, lakini usukani nauweza."

Kwetu mposaji habebi tembo lake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wajumbe. Nililibeba. Mimi nisiyeweza kungoja chai ipoe nilipanda kilima hatua kwa hatua, Landrova ikinguruma nyuma yangu.

Tulipofika, wale wa Marereni walikuwa hawajatokea. Baba wa binti alilitazama dumu, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu aliyeloa ni nani?"

"Dereva," baba mdogo akajibu haraka.

Nikabaki nje, kando ya gurudumu. Kila mzee aliyekohoa ndani nilidhani anatukataa.

Ndipo binti akaitwa, kama ilivyo ada, aulizwe kama tembo hilo linywewe, maana likinywewa posa imekubaliwa. Alisimama mlangoni, akaniangalia kuanzia shati lililonata mpaka viatu vya tope.

"Linywewe, baba," akasema. "Na huyo dereva apewe kiti."