Saruji Hufuata Mawe

Mwaka niliokuwa najitolea katika ofisi ya kata hapa Kasulu, halmashauri ilipata fedha za kujenga mtaro wa barabara inayoshuka kutoka sokoni hadi bondeni. Fedha hizo hazikutosha mtaro mzima, zilitosha nusu tu. Ofisini hakuna aliyeshangaa. Vitu vingi vya umma mjini kwetu hujengwa hivyo: darasa linapata boma mwaka huu na bati mwaka mwingine, kisima kinachimbwa halafu pampu inasubiriwa. Kilichoninyima raha ni swali ambalo sikumsikia mtu akiliuliza. Nusu ipi?

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya mipango, nikatoka kwetu Kibondo kwa sababu nilisikia Kasulu kuna nafasi zaidi. Sikupata kazi, nilipata meza. Nilituma maombi kwenye mashirika ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, na kila nilipomaliza kutuma niliyasoma upya nikitafuta kosa. Ndivyo nilivyoumbwa. Mtu akinisalimia "Mwakeye" kwa sauti ya chini kuliko jana, nitajiuliza hadi mchana nimemkosea nini.

Chumba nilipanga kwa mama mmoja mjane, muuza unga wa muhogo. Nyumba yake iko kwenye barabara hiyohiyo, chini kidogo ya katikati ya mteremko. Udongo wetu ni mwekundu na mwepesi kuchimbika. Maji yakishapata njia hayaiachi. Kila msimu wa mvua korongo lilisogea kwake. Lilishachukua banda la kuku na kipande cha uwanja, na wakati ule ungeweza kusimama mlangoni mwa jiko ukatema mate yakatua korongoni. Ukuta wa jiko ndio huohuo ukuta wa chumba chake cha kulala. Ukienda mmoja, umekwenda na mwingine.

Mhandisi wa halmashauri alipokuja kukagua, nilimfuata na futi ya kupimia. Alisema kitaalamu mtaro wa nusu unaanzia chini kupanda juu. Ukianzia juu ukaishia katikati, maji yatakimbia kwa kasi zaidi ndani ya mawe kuliko yalivyokimbia kwenye udongo, na pale mawe yanapoishia yatachimba. Nilimuuliza yatachimba wapi. Akanyoosha kidole, nami nikaliona jiko letu.

Lakini mhandisi siye anayeamua pa kuanzia. Mjini kwetu kuna utaratibu ambao sijauona umeandikwa popote: saruji hufuata mawe. Halmashauri inatoa saruji na mafundi, wananchi wanatoa mawe, mchanga na nguvu zao. Kila kaya inarundika mawe mbele ya mlango wake, na mawe ya mtu hujengwa mbele ya mlango wake. Hayahamishwi. Gari la saruji likifika, linashusha penye marundo makubwa. Rundo ndiyo kura yako.

Na marundo yalikuwa juu, kwa wenye maduka, waliokuwa wamekodi gari la kuyabeba. Watu wa chini walikuwa mashambani wanaandaa mashamba kabla ya mvua. Mbele ya nyumba ya mama kulikuwa na mawe machache aliyoyaleta kichwani, akirudi sokoni.

Wiki nzima nilibeba maneno ya mhandisi kama mtu aliyebeba mayai. Nikisema mkutanoni, wataona natetea chumba changu. Nisiposema, jiko litakwenda na mimi nilijua. Niliwaza pia kwamba labda mhandisi alinyoosha kidole tu, hakumaanisha pale hasa. Nikarudi kuangalia alipokuwa amesimama. Alimaanisha pale.

Mkutano wa mtaa ulikuwa Ijumaa alasiri. Niliponyoosha mkono nilianza kwa kutangaza kwamba mimi ni mpangaji wa nyumba inayohusika, ili nisije nikaonekana nimeficha. Watu wakacheka.

"Kwani ulidhani hatujui unakolala?" mwenyekiti wa mtaa alisema. "Sema la maana, afisa."

Nikaeleza habari ya maji kwa kirefu mno, hadi mwenyekiti akaniomba niishie hapo. Kuhusu maji, hakuna aliyenibishia. Mzee mmoja mwenye duka la nguo, mtu wa asili ya pwani aliyekaa Kasulu hadi akawa wa Kasulu, ndiye aliyejibu.

"Binti yangu, umesema kweli tupu. Lakini mawe yangu yakishateremka huko chini, mwakani nimwambie nani ayapandishe?"

Wakacheka tena, na safari hii hata mimi nilimwelewa. Fedha ya mwakani ni ahadi, mawe ni mali. Mwenyekiti akafunga: saruji inakuja Jumatatu, na itashuka palipo na mawe. Mama alikuwa amekaa nyuma na khanga yake kichwani. Njiani kurudi nyumbani alizungumzia bei ya muhogo.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na sauti ya sururu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na msingi wa vyumba viwili vya kupangisha, aliokuwa ameujenga kidogo kidogo kwa faida ya unga, ili atakaposhindwa kukaa sokoni ale kodi yake. Alikuwa anaubomoa. Jiwe likitoka, analibingirisha hadi barabarani.

Nilimwambia, "Mama, huo ndio uzee wako unaoubomoa."

"Mwana wanje," alijibu, akiniita mwanangu kwa Kiha, "huo uzee nyumba ikidondoka nitakaa nao wapi? Shika upande huo."

Nikashika. Nilijaribu kumweleza kwamba huenda hata mawe hayo yasitoshe, na kwamba tusubiri niongee tena na mhandisi. Akaniambia niongee huku nikibeba.

Jirani wa kwanza kupita alikuwa anaenda shamba kwa baiskeli, jembe begani. Alisimama, akatazama, akauliza kama mama anahama. Alipoambiwa sababu aligeuza baiskeli, na baadaye tukamwona anapanda kutoka mtoni na mawe yamefungwa kwa kamba kwenye keria. Wengine wakafuata, si wote. Mmoja alishusha yale mawe ya kukandamizia bati lake, mkewe akimwuliza kwa sauti kama upepo nao umeahirishwa.

Jumapili yule mzee wa duka la nguo aliteremka kuangalia. Akazunguka shimo la msingi na mikono nyuma.

"Mawe yangu hayaondoki," alimwambia mama.

"Sijayaomba, baba."

"Najua. Gari nimelilipia mpaka jioni na sina cha kulibebesha. Dereva anajua njia ya mtoni."

Jumatatu lori la saruji lilisimama kwanza juu. Mwenyekiti akashuka kwa miguu, akatazama marundo yetu, akapanda akatazama ya juu, akashuka tena. Mimi nilikuwa naandaa hoja. Sikuulizwa. Alimpungia dereva mkono ateremke, na wenye maduka wawili watatu wakaingia ndani wakifunga milango kwa nguvu.

Mafundi walianzia bondeni. Walipofika kwetu saruji ilikuwa inaelekea kwisha, na mtaro ukaishia hatua chache juu ya jiko. Mbele ya maduka barabara ilibaki udongo, na wateja wakavuka kwa mbao.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikatazama maji yakija mekundu kutoka sokoni, na mifuko ya plastiki na maganda ya ndizi, yakagonga kichwa cha mtaro. Niliwaza kwamba yataruka ukingo. Niliwaza kwamba fundi aliweka mchanga mwingi. Yaliinuka kidogo, yakaingia, yakapita. Nikaendelea kusimama, kwa sababu mvua ilikuwa haijaisha.

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Funga mlango," alisema, "moshi unarudi ndani."