Saa Tatu ya Kompyuta

Katika chumba cha kompyuta kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, dada mmoja Mkongomani alikuwa akijaribu programu yake ya kuwakumbusha wagonjwa saa ya kwenda kliniki. Jaribio likagoma, maandishi yakawa mekundu. Kwa "saa tatu asubuhi" alitarajia 9, programu ikatoa 3.

Mwenzake wa Mbarara akacheka. "Dada, wewe andika tatu kwenye jaribio badala ya tisa, itakuwa kijani, twende kula."

"Na bagonjwa, kaka? Utabaambia wewe?"

Akaipitia programu mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo, kisha akapiga meza. "Fasi ya kosa ni hii! Nilisahau kuongeza sita." Akaiongeza, jaribio likawa kijani.

Nilikuwa nimeingia kuchapisha barua tu, lakini nilibaki nimesimama. Kadi ya mwisho ya kliniki ya mke wangu iliandikwa "saa 3". Mimi, msomi wa chuo kikuu, niliisoma kwa saa ya simu yangu, tukafika alasiri badala ya asubuhi. Kosa langu halikuwaka jekundu popote. Tulilijua tulipokuta daktari ameondoka na mlango umefungwa.