Mawimbi ya Mabingwa

Ukimuuliza fundi wa mbao za kuteleza mawimbini, pale chini ya ukuta wa mji mkongwe, mawimbi mazuri yako wapi, kwanza atalamba kidole akiinue kupima upepo. Kisha atanong'ona kama anayekupa siri ya ukoo: "Nyuma ya mnara wa taa, ndugu yangu." Huko ni miamba mitupu. Kila jioni kinyozi mmoja wa mjini, aliyeiamini siri hiyo, alirudi na ubao uliopasuka, na vidole vya fundi vilivyogandwa na gundi viliupokea kama mtoto mchanga. "Pole, pole sana."

Kiraka cha nne kilikuwa hakijakauka binti wa fundi alipopita, ubao kwapani. "Baba, leo niende wapi?"

"Lango la zamani, mama. Mchanga mtupu," fundi akajibu, bila hata kulamba kidole. Ndipo alipomwona kinyozi amemtumbulia macho. Hakutahayari. "Kule ni kwa wanaojifunza. Bingwa kama wewe utafuata nini?"

Kinyozi, ambaye kila siku huwaambia wenye vipara kwamba nywele zinarudi, aliujua uongo ule nje ndani. Hata hivyo, kesho yake alfajiri alionekana akielekea mnarani, ubao kwapani, kifua mbele kama bingwa.