Soya Kwenye Chombo cha Sahra

Wacha nianze kujicheka mwenyewe ndipo nanyi mcheke, maana aibu hii nimejaribu kuizika miaka mingi na kule Garissa haijazikika hata siku moja. Mpaka leo nikipita sokoni kuna akina mama fulani (sasa ni mabibi wenye hina nywele nzima) wananiita Mama Soya, na mimi naitika, nifanyeje. Binti yangu Zubeda alipokuwa darasa la kwanza aliwahi kumwambia mwalimu kuwa Soya ndilo jina la babu yake.

Mimi ni mtu wa Malindi. Niliolewa Garissa katikati ya miaka ya tisini na Abdi, karani wa ofisi moja pale mjini, tukapanga nyumba ya mabati si mbali na kwa mama yake. Mama mkwe wangu aliitwa Dahabo, na sote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali. Alikuwa mwanamke wa ngamia, mzaliwa wa pande za Wajir, mrefu, mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuuzia maziwa sokoni, p nyingine zikigeuka b. Hakuwa na ubaya na mimi, nisimsingizie, lakini nikishika mwiko alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama lori likirudi nyuma huku dereva hachungulii kioo. Kama umeolewa ugenini unayajua macho hayo, na unajua vile mtu anaweza kufanya lolote ili yalainike.

Sasa nije kwenye soya. Kwa asiyeijua, ni vile vipunje vya kahawia vya maharagwe ya soya, vikavu, vyepesi, ukivimwagia maji ya moto vinavimba, ukivikaanga na kitunguu na nyanya vinakuwa mfano wa nyama ya kusaga. Kila nikienda Nairobi nilirudi na pakiti zangu, nikizimimina kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, nikitupia karafuu mbili tatu kuzuia wadudu, nikifunga kifuniko kwa nguvu na kulisukuma kopo chini ya kitanda ambako kuna kaubaridi. Na kwa joto lile la Garissa, ambako nyanya ya asubuhi ikifika alasiri inatoa machozi, soya yangu ilikaa miezi vilevile ilivyokuja. Nilijivunia sana kopo lile. Mwisho wa mwezi niliichanganya na kabichi au na tambi, na Abdi alikula sahani nzima halafu akauliza kwa upole nyama iko wapi (ni mji wa mifugo ule, kumpa mtu soya pale ni kama kumkaribisha kwako ukamwambia akae nje).

Basi Sahra, mdogo wake Abdi, akachumbiwa na kijana wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Elwak. Na kwa akina Hooyo kulikuwa na desturi yao. Kwa bi harusi hutengenezwa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa juani, ikakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ikakaangwa na kuzamishwa kwenye samli ili isiharibike, nayo hutiwa kwenye chombo cha mti chenye kifuniko. Chombo kinavishwa kitambaa cheupe na kufungwa kamba kwa mafundo mengi, utadhani ndicho bi harusi mwenyewe, halafu wanawake wa upande wa mume wanakifungua mbele ya watu wote. Kwa kile kilichomo ndani wanajua msichana ametoka nyumba ya aina gani. Sahra alikuwa akiniambia kwamba hawezi kulala akikifikiria.

Asubuhi moja Hooyo akaja kwangu na beseni la nyama iliyokwisha kukauka na chombo kwapani.

"Rukia," akasema, "hii utabika wewe."

Nikamuuliza, "Mimi, Hooyo?" Maana alikuwa na dada zake hapohapo mtaani, wanawake waliozaliwa wakikaanga nyirinyiri.

"Wewe. Hapa nyumba yako. Usiite mtu."

Ilibaki kidogo nilie. Alinionyesha namna ya kukata, akaniambia nikaange moto mdogo mpaka mafuta yaache kupiga kelele, nitie chumvi na iliki, niweke kwenye chombo, nimalizie na samli, kisha akaenda zake sokoni. Nilifunga mlango nikaanza kazi huku naimba. Nyumba yote ya Hooyo ina wajuzi na amenichagua mimi, mtu wa nazi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba nyama ile ikikaangwa inanywea. Beseni zima liliingia kwenye sufuria, na kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa bakuli. Nikakimimina kwenye chombo, nikachungulia, nikatikisa, nikachungulia tena. Haikufika hata nusu. Jasho lililonitoka saa ile halikuwa la jiko. Nilijiona nimesimama mbele ya wale dada zake, wananiuliza nyama ya bi harusi imekwenda wapi, na mimi nawaambia imenywea, na wao wanatazamana, kila mmoja anawaza kuwa mke wa Abdi amekula.

Ningeweza kujitupia buibui nikamfuata sokoni nimweleze, ni mwendo mfupi tu. Badala yake macho yangu yakaenda chini ya kitanda.

Nikailowesha soya, nikaikamua kwa mikono, nikaitia kwenye yale mafuta ya ngamia ikakolea rangi, iliki ikapanda, nikachanganya, na wallahi mimi mwenyewe sikuweza kutofautisha ipi ni ipi. Mafuta bado yalikuwa yanalialia lakini rangi ilikuwa imeshapendeza, nami niliogopa Hooyo asije akanikuta na kopo wazi. Na kuharibika? Hilo halikunipitia kichwani. Soya ilikuwa imekaa kwangu miezi haijanuka, kwa nini inuke sasa? (Ilikaa kwa sababu ilikuwa kavu, Rukia. Sasa umeinywesha maji. Lakini siku ile hapakuwa na mtu wa kunong'ona hayo.) Nikamwaga samli juu, nikafunga.

Hooyo aliporudi alikiinua chombo, akakipima mikononi, akafungua kidogo, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Imejaa," akasema.

"Imejaa, Hooyo."

Alifungua mdomo kama anayetaka kuuliza jambo, akaufunga. Halafu akasema mashallah, polepole sana, na mimi nikafurahi kupita kiasi.

Chombo kikakaa pembeni mwa chumba changu zaidi ya wiki, chini ya mabati, tukisubiri siku. Hooyo alikuja akakifunga kitambaa na kamba, mafundo juu ya mafundo. Abdi akaanza kuuliza kuna nini kinanuka, nikamwambia ni mtaro. Siku moja nikasikia kama kitu kinaguna pale pembeni, nikaweka mtego wa panya.

Siku ya siku, baada ya nikaha, wanawake tukajaa kwa akina bwana harusi. Sahra amefunikwa shela, Hooyo amekaa kando yake na dada zake wamejipanga kulia na kushoto kwake, mimi nyuma yao nimevaa dirac mpya ya waridi, lile gauni refu jepesi la Kisomali. Aliyepewa heshima ya kufungua alikuwa Eddo Khadija (eddo ni shangazi, huyu alikuwa wa bwana harusi), mama mnene mwenye sauti. Akafungua mafundo, watu wanaimba na kupiga makofi, akafika kwenye kifuniko, kikagoma. Akakivuta. Akakibana kwa magoti akakivuta tena, nacho kikaachia kwa pumzi kubwa, pffuu, samli ikapanda na povu, ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, ikashuka kwenye mapaja ya Eddo, halafu ikaja harufu. Sitaielezea. Waliokuwa mbele walijifunika pua kwa shashi zao, na aliyekuwa na mtoto mchanga alitoka naye.

Nyimbo zilikatika. Eddo Khadija akatazama ndani, akauliza kwa sauti ya chini ambayo nadhani ilisikika mpaka mtoni, "Mnyama hii ilichinjwa, ama ilikufa yenyewe?"

Mjue mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mizoga ilikuwa kando ya barabara, na maneno yalishaanza kuzagaa kwamba kuna watu wanauza nyama ya wanyama waliojifia. Kumlisha Mwislamu mzoga ni haramu, na kuuleta ndani ya chombo cha bi harusi, hilo sijui niliite nini. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimtazama Hooyo.

"Ilichinjwa," akasema Hooyo. "Wallahi, mimi nilikuwa hapo."

Shela ya Sahra ilikuwa inatetemeka. Nilikaa pale nikimwona mama mtu mzima ameapa kwa jina la Mungu na watu wanatazama sakafu, na uchungu ulionishika ulinisimamisha kabla sijajua nitasema nini.

Nikasema, "Nyama ni halali. Kilichooza si nyama. Ni maharagwe."

Wakanitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Nikaeleza, hawakuelewa, nikaeleza tena, mwisho nikatoka mbio na dirac yangu na kiatu kimoja (kingine kilibaki mkekani), nikapita barabara nzima, nikarudi na kopo nimelikumbatia. Nikammiminia Eddo soya kiganjani. Akanusa. Akatafuna moja.

"Na hii nani alichinja?"

"Haichinjwi, Eddo. Inapandwa shambani."

Bibi mmoja aliyekaa mlangoni akaanza kucheka, mabega tu kwanza, kisha sauti, na kicheko kikazunguka chumba chote. Eddo peke yake hakucheka.

"Kwa nini uliweka?"

"Nyama haikujaza chombo," nikasema. "Niliona haya."

Nikadhani nimewaokoa. Nikageuka kumtazama Hooyo, nikakuta ameinamisha kichwa na dada zake wote wawili wanamtazama yeye, na ndipo nikafahamu nimefanya nini. Nilikuwa nimemwondolea mzoga nikamvua nguo. Mwanamke wa ngamia hakuwa na nyama ya kujaza chombo cha binti yake, na mimi ndiye niliyetangaza.

Eddo Khadija aliweka kopo chini, akajifuta mapaja kwa ncha ya kile kitambaa cheupe. "Haye," akasema. "Mwaka hii nani ako na ngamia ya kujaza chombo? Sisi tunakunywa chai ya rangi tangu mfungo." Kisha akamshika Sahra mkono, akamwinua, akaingia naye ndani, na wanawake wakalazimika kuanza tena kuimba.

Alasiri tulirudi nyumbani mimi na Hooyo, chombo kitupu kati yetu, kila mmoja ameshika upande. Nilikuwa nataka anigombeze. Tulipokaribia mlango wangu akapunguza mwendo.

"Mimi nilijua nyama haitoshi," akasema. "Ile ngamia ilikuwa ya mwisho."

"Dada zangu wakibika, wataona ni kidogo. Wewe hujui mambo ya nyama. Kwa hiyo nilibatia wewe."

Yalinichoma, siwafichi. Wiki nzima nilikuwa nimetembea kifua mbele nikidhani nimeaminiwa, kumbe nilichaguliwa kwa ujinga wangu. Nilitaka kukiachia kile chombo. Lakini akaendelea, bila kunitazama.

"Halafu nikafungua, nikaona imejaa. Nikasema moyoni, labda Mungu ameongeza. Nikaogoba kuuliza."

Akaniangalia, nami nikamwangalia, akacheka kwanza yeye, kicheko kidogo chenye machozi, tukaweka chombo chini pale mlangoni tukakisugua pamoja kwa majivu na maji ya moto. Ilichukua muda harufu kutoka.

Soya sijaiacha. Ikiwa kavu inakaa kwenye kopo, ikishaonja maji inaliwa siku ileile, na mafuta nayasubiri mpaka yanyamaze kabisa. Kujazia kilichopungua ili watu wasione, hilo nimeapa sitalirudia. Hooyo alifariki akaniachia mimi kile chombo, si dada zake, na Zubeda alipoolewa nilikaanga nyama niliyokuwa nayo, ikafika nusu, nikafunga kifuniko hivyohivyo. Eddo Khadija alikuja na fimbo yake, akaomba achungulie. Akachungulia, akanigeukia.

"Mama Soya, leo soya imekwisha?"

Nikamwambia ipo, Eddo, iko kwenye kopo chini ya kitanda.