Ng'ombe Asiyekojoa Mbele za Watu

Shangazi yangu ana mdomo, tena mdomo usio na breki. Ng'ombe wa maziwa amewafuga tangu mimi nabebwa mgongoni, na siku hizi amebaki na mmoja tu, Bibi Harusi, aliyejengewa banda nyuma ya jiko. Huyo ndiye mshahara wake, ndiye pensheni yake, ndiye anayesalimiwa wa kwanza asubuhi. Sisi watoto wa kaka yake tunafuata baadaye, akitukumbuka.

Sasa Bibi Harusi akatupa mimba. Mara ya kwanza tukasema bahati mbaya. Mara ya pili Shangazi akatangaza kwamba ni kijicho cha fundi cherehani, jirani yetu, kwa sababu kila asubuhi mzee wa watu huegemea ua na kusema, "Ng'ombe mzuri huyo, jamani!" Akampiga marufuku kufungua kinywa karibu na banda. Paka wa fundi naye, aliyezoea kulala kwenye stoo yetu ya pumba, alikuwa ameshatimuliwa kwa mawe kabla hata ya mimba ya kwanza kutoka, eti mpelelezi. Mpelelezi wa nini? Nilipouliza niliambiwa nifunge bakuli langu.

Mimba ya tatu ilipokuwa kubwa, ng'ombe akashikwa na homa, maziwa yakakatika ghafla. Muuza nyama akaanza kupita kumjulia hali mgonjwa, kwa huruma ya ajabu. Shangazi akaacha kula. "Huyu akienda, na mimi nimekwisha," akaniambia.

Daktari wa mifugo akaja, akachukua damu, kisha akasema anataka na mkojo. Akanivalisha glavu, akanipa kikopo.

Makubwa! Nikitega kikopo, Bibi Harusi anabana. Nikiondoka, anamwaga. Nikirudi mbio, anakata na kunitazama. Shangazi akafungulia bomba ili asikie maji, akampigia mluzi, akambembeleza, akamtukana. Mwishowe daktari akaamuru tumpe mgongo, watu wazima watatu, tujifanye tunazungumzia mvua. Wapi!

Fundi, aliyekuwa akijizuia siku zote hizo, uzalendo ukamshinda. Kichwa kikatokeza juu ya ua. "Kwani mnamfanyia nini ng'ombe mzuri namna hiyo?"

Lo! Mkojo ukafunguka. Nilishtuka, kikopo kikaniponyoka, nikalowa mpaka usoni. Nilipokiokota, Bibi Harusi akabana tena.

"Mzee, msifie tena!" daktari akapiga kelele.

"Nimekatazwa," fundi akasema.

Tukamgeukia Shangazi. Alikunja uso kama aliyemeza kwinini. "Msifie," akasema.

"Sijasikia."

"Msifie bwana, usinitie wazimu!"

Fundi akamsifia ng'ombe pembe, akamsifia kope, akamsifia mwendo. Kikopo kikajaa mpaka juu.

Majibu yalipotoka, daktari alirudi na sindano. Ni homa ya mgunda, akasema. Panya wanakojolea pumba, ng'ombe anakula, vijidudu vinaingia mwilini, na mimba inatoka. Hata watu huambukizwa kwa mkojo huo, kwa hiyo tuvae buti na glavu, na maziwa tuyachemshe. "Na wewe uliyeogeshwa," akanigeukia, "hospitali leo hii." Kisha akafungua stoo. Panya hawakukimbia hata kidogo, walituangalia tu kama wenye nyumba.

"Mama, hapa hamjawahi kuwa na paka?" akauliza.

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama paa.

Jioni ile nilimfuata Shangazi mpaka kwa fundi. Paka alikuwa amejilaza juu ya kitambaa cha mteja.

"Fundi, naomba paka."

"Yupi? Mpelelezi?"

"Huyohuyo. Nimekukosea, jirani. Nimekukosea sana."

Fundi alimnyanyua paka, akampangusa nyuzi, akamkabidhi.

Bibi Harusi alizaa alfajiri moja, ndama jike, mzima, anayesimama na kuanguka na kusimama. Shangazi alikaa chini kwenye majani, machozi yanamtoka bila aibu. Fundi alikuwa uani, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"We fundi, umekuwa bubu? Sema!"

"Nikisema utanipiga jiwe."

"Usiposema ndiyo nitakupiga!"

Akashusha mikono. "Ndama mzuri huyo, jamani," akasema.

Bibi Harusi akakojoa palepale.