Mafuta ya Papa kwenye Bushi za Nyuma

Jamani, niliadhirika. Nasema mapema ili msinitumbulie macho nikifika katikati, na kama kuna mtu wa mtaa wetu wa Kibokoni hapa aliyekuwapo siku ile, tafadhali anyamaze aniache nisimulie mwenyewe, maana kule mtaani kisa hiki kimeshatiwa chumvi mpaka kimekuwa kichungu (ati paka walikuwa mia, hawakuwa mia, wenzangu, hawakuzidi ishirini).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa ndoto za Alinacha. Tangu utotoni mamangu akinituma chumvi dukani nilikuwa narudi baada ya saa nzima, mikono mitupu, kumbe nilisimama njiani kutazama nakshi za mlango wa watu nikajisahau. Sasa mtu wa namna hiyo akipenda, ndipo pana hatari. Nilimpenda Rukia, na Rukia alilelewa na shangazi yake, Bi Zuhura, tangu mamake alipofariki, na kila mtu alijua kwamba bila ya ridhaa ya Bi Zuhura hata kaka zake Rukia wasingethubutu kupokea posa. Basi nikaletewa habari: Jumamosi asubuhi Bi Zuhura ataka kupelekwa Biashara Street kununua leso za harusi ya jirani, na dereva niwe mimi. Hakuna aliyesema kuwa ni mtihani, lakini hata mtoto mchanga angejua.

Gari lenyewe nililirithi kwa marehemu baba, nalo lina umri kunishinda. Kila likipanda tuta lilikuwa likigonga nyuma kwa-kwa-kwa, na kwenye kona lilitikisa mkia kama bata. Nilikuwa nimeshampelekea Fundi Athmani, mwenye gereji Makadara, akaingia chini akatoka akasema bushi za mikono ya nyuma zimekwisha. (Ile mikono ni vyuma vinavyoshika magurudumu, na bushi ni mpira mnene uliovikwa chuma, unaokaa kwenye tundu la mkono ili vyuma visigongane.) Akaniambia, "Niwatie gari hapa hadi Jumatatu, nizitoe kwa mashine ya presi, nikutilie mpya." Jumatatu! Na Bi Zuhura ni Jumamosi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikanunua bushi mwenyewe, na Ijumaa baada ya sala nikatandika mkeka uani, nikainua gari kwa jeki, nikaanza. Haikuwa haraka tu, nisiwadanganye. Nilijiona nikimwambia Rukia, "Hizi nimezitia kwa mikono yangu," naye akiinamisha macho na kutabasamu. Zile kuukuu zilitoka kwa nyundo na istighfari. Mpya zikagoma. Nikazibana kwa jiliwa ya baba, ile ya kubania vyuma, zikagoma. Nikatazama huku na huku, nikaona kopo la mafuta ya papa yale ya kupaka mbao za vyombo vya baharini, yaliyoachwa na ami yangu, nikapaka moja, nikabana, ikateleza ikaingia kama tende kinywani. Nikazipaka zote.

Kisha nikalala chali chini ya gari kukaza nati, na kati ya nyumba yetu na ya jirani kulikuwa na utepe mwembamba wa mbingu, na kunguru akapita, na kanzu iliyoanikwa dirishani juu ikawa inajaa upepo na kupwea, inajaa na kupwea, nami nikamwona Rukia amekaa kiti cha mbele na gari linapita juu ya matuta bila sauti, kama lisilogusa ardhi. Nilizinduliwa na adhana ya Alasiri. Nati nilikuwa nimekaza, lakini kwa nguvu gani, Mungu ndiye ajuaye.

Asubuhi nikawa mlangoni kwao. "Subalkheri, mamangu."

"Aheri, mwanangu." Bi Zuhura alitoka na buibui lake, ananukia udi, akasimama kulikagua gari. "Mimi sipandi gari la kubahatisha. Ni nani alolitengeza?"

Mbele ya macho yale ujasiri wote ulinitoka, na ulimi ukajisemea. "Fundi Athmani."

"Athmani wa Makadara? Haya. Huyo namjua." Akapanda nyuma. Mara akakunja pua. "Mbona pananuka hivi?"

"Ni upepo wa pwani, mamangu."

Tukaondoka, na wallahi lile gari lilielea. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kwa dakika tano nilikuwa mfalme, vichochoro vinapita taratibu, mwanga wa jua unashuka kwenye roshani za mbao, nami nimeshafika mbali, nimeshaoa, nina watoto watatu na wa mwisho nimempa jina. Sikuona kitu nyuma. Jua lilikuwa limeyachemsha yale mafuta, na pale kwa muuza samaki paka mmoja wa manjano alikuwa ameinua kichwa, akaacha vichwa vya changu alivyokuwa akila, akatufuata, na kila kona wenzake wakaongezeka. Na katika kichochoro chembamba gari haliwezi kwenda mbio, kwa hiyo hawakuhitaji hata kukimbia.

Barazani wazee wakainuka. Mmoja akapaza sauti, "Mwasindikizwa, mabwana!"

Bi Zuhura akageuka. "We! Paka hawa wote ni wa nini?"

Tulikuwa tumefika karibu na Ngome ya Yesu, tukapanda tuta, nikasikia pwa! na makalio ya gari yakaketi upande. Nati niliyoikaza ndotoni ilikuwa imefunguka, na bushi iliyoingia kwa kuteleza ilikuwa imetoka kwa kuteleza, ikabingirika barabarani mbele ya wageni waliokuwa wakielezwa habari za Wareno, na paka wa manjano akaidaka. Wageni waliacha ngome wakatupiga picha sisi. Tuktuk zilijipanga nyuma zinapiga honi, na paka wakaingia chini ya gari wakawa wanaramba.

Bi Zuhura akashuka. "Mwiteni huyo Athmani aje aone kazi yake!"

Mtu akampigia simu, naye kwa bahati yangu mbaya alikuwa karibu, akafika kwa pikipiki, akatoa salamu, akachutama, akagusa kile chuma, akanusa kidole. Kisha akanitazama.

"Athmani," Bi Zuhura akasema mbele ya umma ule wote, "babako alikuwa mtu mwaminifu. Hii ndiyo kazi? Wataka kuniua?"

Fundi Athmani alijua ile safari ilikuwa ya nini, nilimwambia mwenyewe. Akapangusa mkono. "Niwie radhi, mama. Nitalirekebisha."

Nami nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, na kwa kitambo nikaota kwamba mambo yatapita hivyo hivyo. Lakini dereva mmoja wa tuktuk akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe Athmani siku hizi yuwaharibu," na aibu ikanichoma kuliko nilivyodhani aibu yaweza kuchoma. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Kibokoni hadi Ngomeni.

"Si yeye," nikasema, sauti kama ya kifaranga. Nikarudia kwa nguvu. "Si kazi yake! Ni mimi. Nimetia mafuta ya papa."

Kicheko kilichoanguliwa pale nakisikia hadi leo. Bi Zuhura hakucheka. Aliziba pua kwa ncha ya buibui, akapanda tuktuk, akaenda zake bila kuniaga, nami nikaingia chini ya gari, si kwa kazi, nililia.

Siku tisa hakuna neno. Ya kumi, Rukia akaniletea ujumbe wa shangazi yake: lete wazee, lakini Athmani awemo.

Tulipokwenda, wazee wangu walikuwa wamejiandaa kwa maneno mazuri, lakini Bi Zuhura akawakata kutoka nyuma ya pazia. "Nyinyi mtamsifu, ni wenu. Wewe Athmani, uliyekubali kutukanwa kwa ajili yake, nambia kweli. Huyu nimpe mtoto wangu?"

Fundi Athmani akaitazama mikono yangu. "Mpe, mama. Kweli aliisema ilipomgharimu. Mtoto mpe, lakini spana usimpe."

"Basi na aape hapa hapa," Bi Zuhura akasema.

Nikaapa kwamba sitashika spana tena, mbele ya wazee wa pande mbili, kabla hata ya mahari kutajwa.