Barua ya Kupumzika

Siku meneja mpya alipouita mfereji uliofurika nyuma ya ofisi "changamoto", nilianza kumtilia shaka. Tatizo lina mwenyewe, unaweza kumwuliza. Changamoto haina wa kuulizwa.

Nilikuwa karani katika ofisi iliyonunua vinyago kwa wachongaji wa Mwenge na kuviuza mahotelini, na muhtasari wa vikao niliuandika mimi. Niliandika michakato, mikakati na kujengeana uwezo mpaka nikachukia kalamu. Kiyoyozi kilipokufa tuliambiwa suala linafanyiwa kazi, na likafanyiwa kazi miezi minane huku tukijipepea kwa majalada. Wachongaji wakageuzwa wadau wa mnyororo wa thamani. Mzee mmoja aliposikia hivyo alinivuta pembeni akaniuliza, kwa adabu zote, amekosa nini mpaka afungwe mnyororo.

Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na amani. Yalipoingia "maboresho", chai ya saa nne iliondoka. Ulipoingia "ushirikishwaji", vikao vikaanza kufanyika mlango ukiwa umefungwa. Nikawa kila nikisikia neno jipya natazama pembeni kuona kipi kinachukuliwa.

Katika chumba changu cha kazi nilikaa na mkaguzi wa vinyago, dada mmoja wa Newala aliyenizidi miaka kama kumi. Kinyago kikiletwa alikipima uzito mkononi, akakigonga kwa kucha, kisha akakisugua kwa kitambaa chenye maji. Kitambaa kikitoka cheusi alikirudisha kinyago bila kugombana na mtu: huo haukuwa mpingo, ulikuwa mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Kwa miti hakudanganyika. Kwa maneno ya wakubwa alikuwa mwepesi wa kuamini, na hilo lilinitia hofu.

Asubuhi moja meneja alimwita. Alirudi uso unang'aa. Alisema bosi ameona alivyochoka, amemshukuru sana, na kuanzia mwisho wa mwezi anampumzisha. Barua italetwa alasiri aisaini. Akaanza kupanga safari ya Newala na vitu vya kumpelekea mama yake, kitenge, mchele, dawa ya miguu. Miaka yote ile hakuwahi kupata likizo ndefu.

Barua yenyewe nilikuwa nimeichapa mimi jana yake. Ilisema anaridhia kupumzika kwa hiari yake mwenyewe. Niliitafuta tarehe ya kurudi kazini, sikuiona. Nilipomwuliza meneja kama ameisahau, alitabasamu na kuniambia nichape tu kama ilivyo. Hapo nilielewa kila kitu. Akisaini, atakuwa amejifukuza mwenyewe, na hakuna atakayedaiwa sababu.

Naona aibu kusema kwamba nilinyamaza. Nilihofia kibarua changu nacho kitaota nyasi. Nilimsikiliza akipanga safari, nikaitikia, hata nikamwambia amsalimie mama.

Saa tisa barua ikaletwa. Alipoishika kalamu, nilishindwa kuvumilia.

"Dada, usisaini. Hiyo siyo likizo. Wanakufukuza."

Aliisoma upya, kidole kikifuata mistari. Akasema mbona wameandika kupumzika. Nikamwomba anionyeshe siku ya kurudi. Alitafuta mbele, akageuza nyuma ya karatasi, akatafuta na huko. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Nani kaichapa hii?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

Aliisukuma barua upande wangu wa meza.

"Basi mie nichapie nyingine. Andika mnanifukuza. Hiyo nitasaini."

Niliichapa. Ilikuwa mistari miwili: ofisi inamfukuza kazi, na sababu yake ni hii, baada ya hapo nikaacha nafasi ya kuandika hiyo sababu. Akasaini, akaipeleka mwenyewe kwa meneja, akasimama mbele yake akingoja na yeye asaini. Meneja alisema maneno mengi kuhusu mtazamo chanya, lakini nafasi ile hakuijaza, wala sahihi hakutia. Mwisho wa mwezi ukapita, na dada akaendelea kuja kazini.

Yumo mpaka leo, tumekaa chumba kimoja. Tunasalimiana, tunakula pamoja mchana. Ila karatasi yoyote niliyoichapa mimi hatii saini mpaka amempelekea mtu mwingine amsomee.